Mkataba Uliovunjwa kwa Kichwa cha Kuku

Kichwa cha kuku kilikuwa kinamtazama Kuo Ping-jui. Si aliyekaa kushoto kwake, si aliyekaa kulia kwake. Yeye!

Vijiti vya kulia vikasimama hewani. Mpiga nyundo mmoja aliyekuwa na tambi mdomoni akasahau kuzimeza.

Kwa aliyeingia leo, nampa maneno mawili tu asipotee. Hapa kwetu Houli, tajiri akitaka kumwachisha mtu kazi, zamani hakufungua mdomo. Alingoja karamu ya mwisho wa mwaka, kuku wa kuchemsha akaletwa mezani mzima mzima, na kichwa kikageuzwa kumtazama yule anayeondoka. Aliyetazamwa alikula, akashukuru, kesho yake hakurudi. Siku hizi matajiri waungwana wanakigeuza kichwa kiwatazame wao wenyewe, ili watu wale kwa amani.

Sasa Ping-jui hata mfanyakazi si mfanyakazi! Ni msambazaji. Miaka kumi, kila saksofoni iliyotoka karakana ya Lü imepita mikononi mwake kwenda Japani, Ujerumani na kwingineko. Mkataba unasema ni yeye peke yake, hakuna mwingine.

"Jamani," Ping-jui akasema, akijaribu kucheka, "huyu kuku mbona ananitazama kama ananidai?"

Hakuna aliyecheka.

Akamtazama Mzee Lü Huo-mu, mwenye karakana. Mzee naye alikuwa amepigwa na butwaa, kikombe kimesimama nusu ya njia. Basi si mzee.

Akamtazama mtu wa pili. Lü Hsiu-man, binti wa mzee, ndiye anayeendesha kila kitu pale tangu mgongo wa baba yake ulipoanza kugoma. Wa nyumbani wanamwita A-man. A-man alikuwa ameinamia bakuli lake kama anasoma kitu ndani ya supu.

Ping-jui akaelewa.

Akasimama, akashika kikombe chake kwa mikono miwili. "Mzee Lü, nakunywa kwa heshima yako. Ulinilipia ada tangu nina miaka tisa. Afya yako." Akanywa chote, akaweka kikombe, akachukua koti, akatoka nje ya turubai la karamu pole pole kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

A-man akamfuata mbio.

Alimkuta kwenye gari, mkono mlangoni, mlango haufunguki kwa sababu ufunguo alikuwa anauingiza kichwa chini.

"A-jui."

"Ni wewe uliyemgeuza?"

"Ni mimi."

"Mbele ya mafundi wote. Mbele ya yule mpishi wa kukodi ambaye hata hanijui!"

"Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Wiki tatu nimejaribu. Kila nikipiga simu unapokea unasema 'umekula?' nashindwa. Nikamtuma kuku."

"Ukamtuma kuku." Ping-jui alicheka, lakini macho yake yalikuwa yameshajaa. "Haya. Kosa langu nini?"

"Gari lako lilikuwa kwa Tu Chin-fa. Nililiona mimi mwenyewe."

Tu Chin-fa huyu, wasomaji, naye ana karakana ya saksofoni, ng'ambo ya reli. Miaka yote saksofoni zake zilikuwa zinalia kama bata mwenye mafua. Wiki tatu zilizopita mwalimu mmoja alileta ya Tu itengenezwe kitufe, A-man akaipuliza ile noti ya chini kabisa, na nywele zikamsimama. Ilikuwa sauti yao. Ile sauti nene, yenye joto, ambayo wateja wa Japani wanasubiri miezi minane kuipata. Sauti inayotokana na siri moja tu, na ile siri ikishatoka, karakana ya Lü inabaki banda la kupigia bati.

"Nilikwenda kwa Tu, ndiyo," Ping-jui akasema. "Nilikwenda kumuuliza ameipata wapi sauti yenu."

"Akakujibu nini?"

"Alicheka. Akasema, 'Kamuulize mkwe wako.'"

"Hilo ndilo jibu?"

"Ndilo alilonipa. Na kwa kuwa mkwe wangu simdai majibu, nikanyamaza."

Neno lile, mkwe, hakuna aliyelitamka kati yao kwa muda mrefu sana.

"Huniamini," Ping-jui akasema. Hakuwa anauliza.

Ufunguo ukaingia. Gari likaondoka. A-man akabaki pale amesimama na ndara za karakana, harufu ya tangawizi na mafuta ya ufuta ikimfuata kutoka kwenye turubai, na watu ndani wakianza tena kula kwa sauti ya chini kama wako msibani.

Simu ikalia. Wakili wa karakana, Yeh!

"Dada Lü, leo ndiyo siku ya mwisho. Notisi umeshampa?"

"Nimempa."

"Safi. Nitumie picha."

"Picha ya nini?"

"Ya notisi."

"Nimempa kwa kuku."

"Mtandao unakatika. Nimesikia kama umesema kuku."

"Kichwa cha kuku, wakili. Kwenye karamu. Kila mtu ameona, nina mashahidi ishirini na sita."

"Mungu wangu! Dada Lü, kuku si notisi! Hata ungemgeuzia kuku mia! Kifungu cha kumi na tano: asiyetaka kuendelea atoe taarifa kwa maandishi, yenye muhuri wa kampuni, mkononi au kwa barua ya ushahidi ya posta, kabla siku ya mwisho haijaisha. Usipotoa, mkataba unajifufua wenyewe. Miaka mitano mingine! Miaka mitano yeye peke yake ndiye anauza, na wewe huwezi kumpa mtu mwingine hata filimbi."

"Sasa saa ngapi?"

"Saa nane kasoro. Posta inafunga saa kumi na moja. Barua nakutumia sasa hivi, uchapishe. Na muhuri uwe ule mkubwa wa kampuni, si ule mdogo wa mzee. Sasa nisikilize, kuna jambo la pili. Hiyo siri. Ukitaka mahakama imzuie kuitumia, lazima kwanza iwe siri kweli. Sheria hailindi siri ambayo mwenyewe hukuilinda. Imeandikwa mahali?"

"Haijaandikwa. Iko kichwani kwa baba na kichwani kwangu."

"Basi yeye aliijuaje?"

A-man akakata simu, akaingia karakanani. Na hapo, ndugu zangu, ndipo maji yalipoanza kuzidi unga.

Alimkuta Mzee Lü kwenye benchi lake. Karamu bado inaendelea nje, yeye ameshavaa aproni juu ya shati la sherehe, anagonga mdomo mpana wa saksofoni, ule unaotoa sauti, kwa nyundo ya mbao. Tok, tok, tok. Mzee huyo akiwa na wasiwasi hagusi chakula, anagusa shaba.

"Baba, nahitaji muhuri mkubwa."

Tok, tok. "Wa nini?"

"Unajua wa nini."

"Umemwaibisha mtoto wa watu, sasa unataka kumzika." Akaweka nyundo chini. "A-man, mwache. Acha mkataba ujifufue. Ping-jui hajaiba kitu."

"Baba, Tu anatoa sauti yetu! Tunaoijua ni mimi na wewe tu. Mimi sijasema. Wewe umesema?"

Mzee akafuta jasho ambalo halikuwepo.

"Baba?"

"Nilimwandikia."

"Nani?"

"Ping-jui. Kwenye sanduku la uchumba."

Shikilia hapo hapo, usifunge ukurasa!

Miaka kumi na moja iliyopita, A-man na Ping-jui walichumbiana. Sanduku jekundu lililetwa, keki, pete, kitambaa, mikoba ya peremende, vitu kumi na viwili kama inavyotakiwa. Na upande wa bibi arusi, kama desturi, ukarudisha zawadi zake ndani ya sanduku hilo hilo. Mzee Lü aliweka kofia, mkanda, saa, na chini kabisa akaweka bahasha nyekundu iliyofungwa kwa nta.

Mwezi mmoja baadaye mama yake A-man alifariki.

Kwetu msiba wa mzazi unakupa njia mbili. Ufunge ndoa ndani ya siku mia, au ungoje miaka mitatu. A-man alisema hawezi kuvaa nguo nyekundu wakati kitanda cha mama bado kina joto. Wakangoja. Miaka mitatu ikaisha, Ping-jui akauliza, A-man akasema, "Ngoja tumalize oda ya Osaka." Akauliza tena mwaka uliofuata. "Ngoja kidogo, mgongo wa baba." Akauliza mara ya tatu, mara hiyo kwa kumnunulia tu chai ya maziwa na kumtazama. A-man akanywa chai.

Hakuuliza tena. Uchumba wao haukuvunjwa na mtu. Ulichakaa tu, kama shati unalolipenda.

Kilichobaki kati yao ni mkataba wa usambazaji. Kurasa kumi na nne. Kila baada ya miaka mitano unajifufua. Karatasi pekee duniani yenye jina la Lü Hsiu-man na jina la Kuo Ping-jui, moja chini ya jingine.

"Ulimpa siri ya karakana," A-man alisema pole pole, "kwenye sanduku la posa. Bila kuniambia."

"Nilimpa mkwe. Sikumpa mfanyabiashara."

"Ulimwambia asimwonyeshe mtu? Alitia saini popote?"

"Mkwe anatia saini gani? Anakula wali wako, basi!"

"Kwa nini hukumdai, miaka yote hii?"

Mzee akashika ukingo wa benchi. Sasa alikuwa mzee kweli, miaka sabini na mbili yote ilikuwa imemkalia usoni.

"Chukua muhuri," akasema. Akafungua mkoba mdogo wa kiunoni ambao hata akioga anautundika mlangoni auone. "Chukua, maliza mkataba kama ni lazima. Ila nakuomba kitu kimoja, mwanangu, na sijawahi kukuomba. Ile bahasha usiidai."

"Baba, hiyo ndiyo yenyewe!"

"Usiidai. Mwachie ibaki kwake. Niahidi."

Macho ya mzee yalikuwa na hofu. A-man alidhani ni aibu tu, kwamba kumdai mtu zawadi uliyompa ni kujivua nguo. Akasema, "Sawa, baba." Akachukua muhuri, akaondoka.

Alikosea! Loo, angesimama dakika moja tu akauliza "kwa nini?", hadithi hii ingekuwa nyingine kabisa.

Alifika posta saa kumi na dakika ishirini. Foleni watu watano. Dirishani yupo Bi Hsiao, mama mwenye miwani ya mnyororo, anayejulikana Houli nzima kwamba barua ikiwa na doa anairudisha.

Hii barua ya ushahidi si barua ya kawaida. Ina visanduku, kila herufi kisanduku chake. Nakala tatu zinazofanana. Moja inabaki kwako, moja inakwenda kwa mwenzako, moja inakaa posta, ili kesho na keshokutwa asije mtu akasema hakuandikiwa.

Akiwa kwenye foleni akampigia Wakili Yeh, akamwambia habari ya bahasha. Upande wa pili ukasikika kama mtu amejipiga kofi kwenye paji la uso.

"Kwenye sanduku la uchumba? Nyie watu! Kampuni nyingine zinaweka siri kwenye sefu, nyie mnaweka na keki!"

"Inasaidika?"

"Ikiwa utaidai. Lazima barua iseme ile karatasi alipewa kwa imani ya ndoa, ndoa haikufungwa, basi airudishe, asinakili, asimpe mtu. Ukinyamaza leo, kesho wakili wake atasema mlimpa bure na hamjali. Siri itakuwa imekufa na wewe ndiye umeiua. Ongeza mstari."

"Nimemwahidi baba."

"Baba yako atakula ahadi? Mafundi ishirini na sita watakula ahadi? Ongeza mstari, dada."

A-man akasimama pale, watu wanampita. Alifikiria mafundi. Alifikiria yule mpiga nyundo mwenye mtoto mchanga. Alifikiria ile noti ya chini ikitoka kwenye chombo cha Tu.

Akaandika. Mara tatu, kwenye nakala tatu: *Na urudishe bahasha nyekundu uliyopewa siku ya uchumba, pamoja na nakala zake zote.*

Bi Hsiao akasogeza miwani. "Umeongeza maneno. Pembeni uandike umeongeza herufi ngapi, kisha upige muhuri hapo. Kila nakala."

"Mama, muda..."

"Muda ninao mimi. Hesabu."

Akahesabu. Akakosea. Akahesabu tena. Akapiga muhuri, paa, paa, paa, wino mwekundu kama damu ya kuku.

"Anwani ya mpelekewa?"

"Kuo Ping-jui, Taichung, barabara ya..."

"Yupo hapa," ikasema sauti nyuma yake.

A-man akageuka. Ping-jui! Koti lile lile la karamuni. Macho mekundu.

"Wakili wako alipiga ofisini kwangu kuuliza kama anwani haijabadilika," akasema. "Mtu mzima ananiuliza anwani saa nane na nusu siku ya mwisho ya mkataba, nitashindwa kujua? Nikasema nije mwenyewe. Mkataba unasema mkononi au posta. Nipe mkononi. Usinitumie kwa mtu wa pikipiki."

"A-jui, si lazima iwe hapa."

"Karamuni ilikuwa lazima?"

Bi Hsiao akaacha kugonga mihuri. Foleni nzima ikawa inasoma matangazo ya ukutani, masikio yote huku.

A-man akampa nakala yake. Mikono yao haikugusana. Ping-jui akasoma akiwa amesimama. Midomo ikisogea kidogo kila kifungu. *Hatutaendelea na mkataba. Urudishe michoro. Urudishe orodha ya wateja. Usitumie jina letu.* Alikuwa anatikisa kichwa kukubali, sawa, sawa, haki yenu, sawa.

Alipofika mstari ulioongezwa kwa mkono, akasimama.

Akausoma mara ya pili.

"Bahasha nyekundu?"

"Wakili anasema..."

"Simuulizi wakili. Unajua kudai kitu cha sanduku la uchumba maana yake nini? Au umesahau, siku hizi mambo yote umemwachia wakili?"

"Najua."

"Sema basi."

"Ni kuvunja uchumba."

"Kumbe ulikuwa bado upo!" Alisema hivyo akicheka, na ndipo chozi lilipomtoka, moja tu, akalifuta kwa mkono ulioshika barua. "Miaka kumi na moja mama yangu ananiambia oa, A-jui, oa, nitakufa sijashika mjukuu. Namjibu nina mchumba. Anasema mchumba gani? Nasema yuko Houli, ana kazi nyingi kidogo."

Mama mmoja kwenye foleni akapenga kamasi kwa sauti.

A-man alitaka kumshika mkono. Alitaka kusema chana hiyo barua. Mdomo ukafunguka, lakini kilichotoka ni hiki: "Tu aliipata wapi sauti yetu, A-jui? Baba hajamwandikia mtu mwingine. Mimi sijamwambia mtu. Bahasha iko kwako."

Ping-jui akaingiza mkono ndani ya koti. Akatoa bahasha nyekundu, imefifia kwenye kona, imechukua umbo la kifua chake kwa kukaa mfukoni.

Akaigeuza, akamwonyesha nyuma.

Nta ilikuwa nzima! Haijaguswa! Muhuri mdogo wa Mzee Lü umekaa vile vile ulivyogandishwa miaka kumi na moja iliyopita, bila ufa.

"Sijawahi kuifungua," Ping-jui akasema. "Baba yako aliniambia, 'Hii ni ya mkwe, isome siku ukiwa mume.' Sikuwa mume. Sikusoma."

A-man akashika ukingo wa dirisha la Bi Hsiao.

"Mama," alimgeukia, "hizi nakala, naweza kuzichukua? Nimebadilisha mawazo."

Bi Hsiao akatazama chini. Sauti yake, ambayo huwa inakata kama kisu, ilikuwa ndogo. "Mwenyewe ameshashika nakala mkononi, binti. Na ameshasoma. Kilichosomwa posta haiwezi kukisomea nyuma."

"A-jui, nirudishie hiyo barua. Nisamehe. Nirudishie tuichane."

"Hapana." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoumiza. "Leo umeniaga mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuku, ya pili kwa muhuri. Nimesikia. Nipe kipande cha kupokea nitie saini."

Akatia saini. Mkataba ukafa hapo, kwenye kaunta ya posta, saa kumi na dakika arobaini na moja.

Kisha akamnyooshea bahasha. A-man akaipokea, kisha akairudisha.

"Ifungue wewe. Tafadhali. Ulingoja miaka yote. Sitaki uondoke hujui hata ulikuwa unatunza nini."

"Mimi si mume."

"Fungua tu, A-jui."

Akafikiri. Akasema, "Haya. Na wewe utakuwa na uhakika kwamba nimerudisha kitu chenyewe." Akavunja nta kwa kidole gumba. Vipande vyekundu vikaanguka kwenye fomu za Bi Hsiao.

Ndani kulikuwa na karatasi moja. Maandishi ya brashi, ya Mzee Lü, yale makubwa ya mtu aliyeacha shule mapema.

Ping-jui akaanza kusoma kwa macho. Rangi ikamtoka usoni kuanzia kwenye paji kushuka chini.

"Ni nini?" A-man akauliza. "Ni ile ya majivu?"

Ping-jui akaweka karatasi juu ya kaunta, kati yao wawili. A-man akasoma:

*Mkwe wangu. Kuufukia mdomo wa saksofoni ndani ya majivu ya moto ya makapi ya mpunga usiku mmoja, baada ya awamu ya tatu ya nyundo, si ujuzi wangu. Ni wa baba yako, Kuo Ting-shan. Tulikuwa vibarua pamoja. Alitufundisha wawili, mimi na Tu Chin-fa, akatuapisha tusiutumie mpaka yeye afungue karakana yake kwanza. Alikufa kabla hajafungua. Tu alishika kiapo. Mimi sikushika. Nilimwendea mama yako nikamwambia nitakulipia ada, sikumwambia kwa nini. Leo ninakurudishia kilicho chako, pamoja na binti yangu. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, usimwadhibu yeye.*

Nje, treni ya saa kumi na moja ilikuwa bado haijapita.

Sasa A-man akaelewa hofu ya baba yake. Akaelewa kicheko cha Tu. Yule mzee wa ng'ambo ya reli alikuwa ameshika kiapo cha marehemu miaka thelathini, saksofoni zake zikilia kama bata, mpaka mwaka huu alipochoka kuwa mwaminifu peke yake. Hakuna aliyeiba siri ya karakana ya Lü. Karakana ya Lü haikuwa na siri. Ilikuwa na mali ya yatima.

Na bahasha ile ingebaki imefungwa kifuani kwa Ping-jui mpaka kufa kwake, kama yeye A-man asingeandika ule mstari mmoja.

"Alikuwa ananibeba mgongoni," Ping-jui akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Mzee Lü. Siku ya mazishi ya baba alinibeba mgongoni njia nzima mpaka makaburini. Mvua inanyesha. Nikasema moyoni, huyu ndiye baba yangu sasa."

"A-jui."

"Kila mwaka mpya nampigia magoti."

"A-jui, mimi sikujua. Naapa kwa mama."

"Najua hukujua. Wewe ungejua ungesema. Ungemtuma kuku, lakini ungesema." Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa. Akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ya zamani, akaitia mfukoni, na A-man hakuthubutu kuidai tena.

Akashika njia ya mlango. Hatua tatu. Nne. Kisha akasimama, mgongo umemgeukia.

"A-man. Mwenye siri akigundua kwamba imechukuliwa, wakili wako anasema afanye nini?"

A-man aliujua mwisho wa swali hilo. Angeweza kudanganya. Mafundi ishirini na sita, baba wa miaka sabini na mbili mwenye mgongo mbovu, jina juu ya lango. Neno moja la uongo lingetosha kuwanunulia wiki moja zaidi.

Lakini mtu aliyebeba bahasha miaka kumi na moja bila kuifungua, utamdanganyaje?

"Anadai kwa maandishi," alisema. "Leo leo. Akinyamaza, siri inakufa na yeye ndiye ameiua. Anamwambia aliyeichukua aache kuitumia."

"Aache kuitumia," Ping-jui akarudia.

Akarudi dirishani.

"Mama Hsiao, nipe fomu ya barua ya ushahidi. Nakala tatu."

"Tunafunga, baba. Zimebaki dakika kumi na moja."

"Zinatosha. Barua yangu ni fupi."

Bi Hsiao akamtazama A-man, kama anaomba ruhusa. A-man akainamisha kichwa. Fomu zikapita chini ya kioo.

Ping-jui akazinyoosha juu ya kaunta, akatafuta nafasi ya jina la mpelekewa. Akajipapasa mfuko wa shati, mfuko wa koti, mfuko wa suruali.

"A-man," akasema, bila kuinua macho. "Niazime kalamu."

Akampa.